Mfuko Usiopitisha Maji kwa Vifaa vya Huduma ya Kwanza: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Maji huharibu vifaa vya huduma ya kwanza kimyakimya. Shashi iliyolowa ndani ya karatasi yake hukauka baada ya siku mbili, ikarudi kuwa nyeupe na laini kama ilivyokuwa, na mwenye nayo akaamini kwamba ni nzima. Kumbe karatasi ile ndiyo iliyokuwa ikizuia vijidudu, na ikishalowa mara moja, shashi haiwezi tena kuhesabiwa kuwa salama kwa kidonda kilicho wazi. Plasta nazo hupoteza gundi, vidonge hulainika, mkasi hushika kutu. Wasafiri wengi hulijua hilo na ndiyo maana hununua mfuko maalumu, lakini huuchagua kwa kutazama yasiyo ya msingi.

Dhana: Kitambaa kikiwa hakipitishi maji, mfuko nao haupitishi maji.

Ukweli ni kwamba katika mfuko mpya maji ni nadra kupenya kwenye kitambaa chenyewe. Hupita kwenye mishono, kwenye zipu na kwenye mdomo. Kila sindano ya cherehani inapopita huacha tundu, na mfuko mmoja wa kushonwa una mamia ya matundu ya aina hiyo, ambayo hufaa tu ikiwa yamefunikwa kwa ndani kwa utepe uliobandikwa kwa joto. Mishono ya kuaminika zaidi ni ile ambayo haikushonwa kabisa, bali pande mbili za kitambaa zimeyeyushwa zikashikana. Kwa hiyo, kabla ya kununua, geuza mfuko ndani nje na upitishe kidole kwenye kila mshono, hasa pale mikanda ya kubebea iliposhikizwa, kwa maana mtengenezaji anayetaka kupunguza gharama huanzia hapo. Tarakimu kubwa za milimita zinazoandikwa kwenye lebo hueleza shinikizo la maji ambalo kitambaa kinalihimili; kuhusu mshono na mdomo hazisemi lolote.

Dhana: Maneno yote ya kwenye lebo yana maana moja.

Kuna mfuko unaostahimili manyunyu na kuna mfuko usiopitisha maji, na tofauti yake ni kubwa. Baadhi ya watengenezaji huazima alama za IP, yaani za kiwango cha kinga dhidi ya vumbi na maji, ambazo asili yake ni viwango vya vifaa vya umeme. IPX4 maana yake ni kwamba kifaa kilimwagiwa maji kutoka kila upande kikasalimika, ilhali IPX7 maana yake ni kwamba kilizamishwa hadi kina cha mita 1 kwa dakika 30. IPX8 ni zaidi ya hapo, lakini kina na muda huwekwa na mtengenezaji mwenyewe, hivyo alama hiyo bila maelezo yake haitoshi. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kufaulu IPX7 hakumaanishi kufaulu IPX6, ambayo ni jaribio la maji yanayorushwa kwa nguvu. Anayekwenda na mtumbwi katika mawimbi na anayepanda mlima wakati wa mvua hawahitaji mfuko mmoja.

Dhana: Mfuko wa kukunja mdomo unaweza kuzama na kubaki mkavu.

Hili ndilo kosa linaloharibu vifaa vingi zaidi, kwa maoni yangu, kwa kuwa aina hii ya mfuko ndiyo maarufu na kosa lenyewe ni la mkono wa mtumiaji. Mdomo hukunjwa angalau mara tatu, ukiwa umenyooshwa bila mikunjo ya pembeni, kisha vifungo vya ncha mbili huunganishwa. Ukikunjwa hivyo, mfuko huhimili mvua kubwa, marasharasha na kuanguka majini kwa muda mfupi ukaokolewa. Mingi haikutengenezwa kukaa chini ya maji. Zaidi ya hapo, mfuko uliojazwa hadi juu haukunjiki mara tatu, na ndiyo sababu ninashauri ununue mkubwa kidogo kuliko vifaa vyako, ubaki na nafasi ya kiganja kizima juu. Niliwahi kuufunga wangu kwa haraka, ncha ya bendeji ikabanwa katikati ya mikunjo bila mimi kuiona. Bendeji ile ikawa kama utambi wa taa, ikanyonya maji ya mvua kutoka nje na kuyashusha hadi chini kabisa, kwenye pakiti za shashi.

Jaribio lake ni rahisi, na lifanywe nyumbani. Weka karatasi za chooni ndani, acha hewa kidogo, funga, kisha ukumbatie mfuko kwa nguvu huku ukisikiliza kama hewa inatoka. Baada ya hapo uzamishe kwenye karai na utazame vipovu vinatokea wapi. Karatasi za chooni hazifichi: tone moja tu huacha doa.

Dhana: Mfuko uliofungwa vizuri ni mkavu ndani siku zote.

Kinachozuia maji kuingia huzuia pia unyevu kutoka. Ukirudisha mkasi wenye majimaji au glovu zilizotumika, au ukiufunga wakati hewa ina joto na unyevu mwingi, usiku ukiingia baridi matone hujitokeza kwenye kuta za ndani. Pakiti ndogo za chembechembe za kunyonya unyevu husaidia, lakini kinga ya kweli ni kuweka kila kundi la vifaa katika kifuko chake cha plastiki chenye kujifunga. Vifuko hivyo vikiwa vya kuonyesha ndani, huondoa pia usumbufu wa kupekua shimo refu lenye giza huku damu ikitiririka. Glovu na kitambaa cha kubana jeraha vikae juu kabisa. Dawa ya kufukuza mbu yenye kemikali iitwayo DEET isikae humo, kwani huyeyusha baadhi ya plastiki.

Dhana: Sanduku gumu ni bora kuliko mfuko.

Hulinda chupa zisivunjike, hilo ni kweli. Hata hivyo, kinachozuia maji ni mpira mwembamba ulio kwenye ukingo wa kifuniko, na chembe moja ya mchanga au unywele uliolala juu yake hutosha kuyapitisha.

Dhana: Rangi na alama ni urembo tu.

Mfuko mweusi ulioachwa juani hupata joto kali, na dawa nyingi hutakiwa kuhifadhiwa chini ya nyuzi joto 25 au 30 za selsiasi. Maji yasipoingia, joto huingia. Rangi angavu huonekana pia majanini. Msalaba mwekundu juu ya nyeupe ni nembo inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, wala si alama ya kila kisanduku cha dawa; alama ya kimataifa ya huduma ya kwanza ni msalaba mweupe juu ya kijani. Kuwepo kwa yoyote kati ya hizo hakuthibitishi kwamba mfuko unazuia maji.

Dhana: Mfuko mzuri hudumu milele.

Tabaka la ndani huchakaa kwa jua, kwa joto na kwa kukunjwa palepale kila mara. Likianza kunata vidoleni au kubanduka kama ngozi iliyoungua jua, mfuko huo ubebe nguo, na vifaa vya tiba vitafutiwe mwingine.