Daunriga ya kujitengenezea kwenye kayaki: kamba isiyokatika siyo usalama

Nimeletewa tena daunriga ya kujitengenezea, yaani kile kifaa cha kushusha chambo kwenye kina unachotaka kwa kamba yenye uzito, ya kufunga kwenye kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kasia, niifanyie marekebisho. Kazi safi kabisa, gurudumu la kukunjia limekatwa vizuri kwenye kibao cha plastiki cha jikoni, kapi linazunguka bila kukwaruza, halafu nikifika mwisho wa kamba nakuta imepigwa fundo na kukazwa kwa boliti kwenye gurudumu, na kamba yenyewe ni nene ya kuvutia gari. Nikauliza kwa nini. Jibu ni lile lile: "Ili nisipoteze chubwi, fundi." Chubwi ndio ule uzito unaoning'inia mwisho wa kamba. Basi leo naandika yote, maana hili nimelirudia mpaka basi.

DHANA: Kamba ikiwa ngumu na ikafungwa isiachie, ndio uko salama

Hapana, ni kinyume chake. Kwenye boti kubwa chubwi likinasa mwambani nahodha anapunguza injini, anarudi nyuma taratibu, boti lenyewe tani kadhaa wala halitikisiki. Wewe kwenye kayaki, mwili na chombo na vifaa pengine kilo 120, upana sentimita 75 hivi. Chubwi likinasa maana yake umetia nanga, tena umeitia ubavuni, na nanga ya ubavuni kwenye kayaki kila mtu anajua ni hatari, ila ikiitwa daunriga watu wanasahau.

Inavyokuwa ni hivi: mkondo unaendelea kukusukuma, kamba inakaza, kayaki inageuka inaupa mkondo ubavu, upande wa daunriga unaanza kuzama. Wimbi likija kayaki inatakiwa ipande nalo lakini haiwezi, imeshikwa chini, kwa hiyo wimbi linapita juu yako. Na kama umeweka kono refu linalotoka sentimita 40 nje ya ubavu, mvuto wa kilo 30 tu ni kama mtoto wa darasa la tatu amekaa kwenye ncha ya hilo kono. Unapinduka kabla hujajua nini kimekupata. Wanaofunga nyuma ya kiti, kwenye tezi, hao ndio wananitia wasiwasi kuliko wote, maana tezi inavutwa chini, huioni, mkono haufiki, na ukijipinda kuifikia unamalizia mwenyewe kazi ya kupinduka.

Kwa hiyo daunriga ya kayaki inatakiwa IACHIE. Mimi nikitengeneza naweka sehemu tatu za kuachia na sipunguzi hata moja, mteja akikataa achukue vitu vyake.

Kwanza kati ya kamba na chubwi naweka kipande dhaifu, mshipi wa nailoni wa kilo 10 hivi kwa chubwi la kilo moja na nusu, futi moja inatosha. Unabeba chubwi na mtikisiko wa mawimbi bila shida, ila chubwi likinasa kweli kinakatika hicho kipande, unapoteza chubwi tu, kamba yote na kibanio (kinachoushika mshipi wa rodi, ile fimbo ya kuvulia, na kuuachia samaki akivuta) vinarudi. Pili ni breki. Msiweke pini ya kufunga gurudumu lisizunguke kabisa, wekeni klachi, yaani washa (pete bapa) ya ngozi au raba kati ya gurudumu na kibao halafu nati yenye masikio unayokaza kwa vidole. Ikaze mpaka ianze kuteleza kwenye kilo 4 au 5, na usikisie, chukua mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo, vuta kamba, soma. Tatu, mwisho wa kamba kwenye gurudumu usipige fundo, ushikize kwa uzi mwembamba wa kushonea, kamba ikiisha yote uzi unakatika na kamba inakwenda zake. Iende! Kamba inanunulika.

Halafu waya wa chuma. Kuna watu wanaona daunriga za boti zina waya wa chuma nao wanaweka. Waya huo kisu hakikati, na ukiwa unavutwa upande huna muda wa kutafuta koleo. Weka braidi, yaani kamba nyembamba ya nyuzi zilizosukwa, na kisu cha meno kikae kwenye jaketi la kuokolea, kifuani, siyo ndani ya kayaki chini ya mifuko.

Na likinasa: legeza klachi KWANZA, acha kamba itoke, geuza kayaki omo (mbele yake) iangalie kule kamba iliko, piga kasia ulipite lile eneo kisha vuta kutoka upande wa pili, mara nyingi linatoka. Kama upepo au mkondo ni mkali usijaribu hata hayo, kata.

Daunriga yenyewe kaa nayo mbele ya magoti, unaiona na mkono unaifikia bila kujipinda, na kono liwe fupi tu la kuipisha kasia.

DHANA: Kamba ikirudi nyuma sana, ongeza chubwi

Watu wanafika mpaka kilo 4, 5, kwenye kayaki ya kupiga kasia. Kabla hujaongeza uzito angalia unene wa kamba kwanza. Chubwi la risasi la kilo 2 ni duara la sentimita 7 hivi, eneo linalokabiliana na maji ni kama sentimita za mraba 38. Sasa kamba ya nailoni ya milimita 4, ukishusha mita 20, eneo lake ni sentimita za mraba 800! Kinachosukumwa na maji siyo chubwi, ni kamba, mara ishirini na zaidi. Badilisha uweke braidi ya milimita 0.4, eneo linashuka hadi 80, na braidi hiyo bado inabeba uzito kuliko utakavyoshusha siku yoyote. Ila inakata mikono, usiizungushe kiganjani hata sekunde moja, vuta kwa gurudumu.

Na punguza mwendo. Ukiongeza kasi mara mbili maji yanasukuma mara nne, kwa hiyo yule anayepiga kasia kama anashindana ndiye analalamika chambo kiko juu. Kilo moja na nusu mpaka 2, braidi nyembamba, mwendo wa kurambaza (kukokota chambo) polepole, inatosha kazi nyingi sana za kayaki.

DHANA: Uzito ni uzito, hata zege au chupa ya mchanga

Nchi kavu sawa. Ndani ya maji kila kitu kinapungua kadiri ya maji kinayoyasukuma, kilo 2 za risasi zinabaki kama 1.8, za chuma 1.7, za zege zinabaki 1.2 tu, na lile donge la zege ni kubwa mara nne na zaidi kuliko la risasi kwa hiyo maji yanalishika vizuri. Chupa ya mchanga ndio usiseme.

Lakini tafadhali msiyeyushe risasi jikoni. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, tone la maji kwenye kalibu linageuka mvuke ghafla na risasi ya moto inaruka usoni, na vumbi lake ni sumu, watoto ndio inawaumiza zaidi. Nunua uzito wa wazamiaji wa kwenye mkanda, una tundu tayari, pitisha kamba, funga, umemaliza. Ukitaka litembee sawa bila kuzunguka, lishikize kipande cha plastiki kama mkia wa samaki upande wa nyuma.

DHANA: Nimeachia mita 30, basi chambo kiko mita 30

Kamba ikilala pembe ya nyuzi 45 mita 30 zinakupa kina cha 21. Ikilala 60 kutoka wima, ni 15, nusu! Hapo tunahesabu kamba imenyooka, na kwa kweli huwa ina mkunjo kidogo. Angalia pembe, usihesabu kamba peke yake. Alama piga kwa rangi kila mita 5, siyo mafundo, fundo kwenye braidi linapunguza nguvu na linakwama kwenye kapi. Na chubwi lenyewe lisikae karibu na chini, liache mita kadhaa juu na uangalie sonari (kipima kina) chini inapoanza kupanda, hapo ndipo yanaponasa mengi.

DHANA: Kibanio kikishika sana samaki anajinasa mwenyewe

Kibanio kikishika sana samaki mdogo anakokotwa hadi anakufa na wewe hujui una samaki. Kibanio cha nguo cha plastiki kinafaa kabisa, cha mbao kinavimba. Bandika raba ndani ya meno yake halafu rekebisha kwa kuingiza mshipi ndani zaidi au kuuacha kwenye ncha. Jaribu ukiwa juu, vuta kwa mkono, kiachie kwa mvuto wa makusudi, siyo kwa mtikiso wa wimbi.

Na rodi isikae imenyooka! Ukishaweka mshipi kwenye kibanio kunja rili (gurudumu la mshipi kwenye rodi) mpaka rodi ipinde vizuri, kibanio kikiachia rodi inanyooka yenyewe inavuta ule ulegevu wote. Ukiiacha imenyooka, samaki ana mita nzima ya mshipi uliolegea ya kutemea ndoana.

DHANA: Gundi nzuri inatosha kushikiza kitako

Kayaki nyingi za plastiki ni polithini, na polithini gundi haiishiki, silikoni ndio kabisa, inabanduka kama ganda. Tumia reli au tundu la rodi ambalo tayari lipo kwenye kayaki. Ukilazimika kutoboa, toboa juu ya mstari wa maji, boliti za chuma kisichoshika kutu, na ndani weka kibao cha kusambaza mvuto, maana boliti peke yake kwenye plastiki nyembamba itang'oka na tundu litabaki wazi.