Maandamano si machafuko: yanayosemwa vibaya kuhusu Kenya ya 2007

"Wakenya walianza kuuana ghafla tu, kisa kura." Maneno haya nayasikia kila uchaguzi ukikaribia, na yananiuma. Ghafla gani? Mapigano ya Bonde la Ufa yaliua watu tangu 1991, na Likoni, kule Mombasa, ikawaka 1997 kabla kura hazijapigwa. Jioni ya Desemba 30, 2007, Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, aliondolewa kwenye ukumbi wa mikutano wa KICC, Nairobi, uliojaa kelele, akasomea matokeo ya urais chumbani mbele ya kamera za KBC, shirika la utangazaji la serikali, peke yake: Rais Mwai Kibaki 4,584,721, Raila Odinga wa upinzani 4,352,993. Giza likiingia, Kibaki akaapishwa Ikulu. Matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku. Watu waliokesha siku tatu redioni hawakuachiwa hata usiku mmoja wa kuuliza.

"Waliokufa ni majirani waliokatana mapanga." Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi huo, ilihesabu maiti 1,133, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Raia wa kawaida wa Kisumu bunduki angeitoa wapi? Kule Kondele, mtaa wa Kisumu, Januari 2008, kamera ya televisheni ilimnasa askari akimfyatulia risasi kijana asiye na silaha, kisha akampiga teke akiwa amelala chini. Askari huyo alishtakiwa. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ikamwachilia, kwa kuwa nambari ya bunduki iliyopimwa na wataalamu haikulingana na ya bunduki aliyokabidhiwa kazini. Nchi nzima ilikuwa imeiona picha ile.

Sisemi mikono ya raia ilikuwa safi. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa Januari 1 kukiwa na akina mama na watoto waliokimbilia humo wakidhani watasalimika. Naivasha, mwisho wa mwezi huohuo, watu walichomewa ndani ya nyumba. Lakini hapo hapakuwa na bango wala dai la kura. Ulikuwa uvamizi. Ukiyaita yote "fujo za waandamanaji", unawasitiri aliyewasha moto Kiambaa na aliyefyatua risasi Kondele, wote wawili.

"Bila kibali cha polisi huwezi kuandamana." Si kweli. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria inataka polisi waarifiwe kati ya siku 3 na 14 kabla, na kuarifu si kuomba ruhusa.

"Kulalamika hakubadilishi kitu." Mwaka 2007 upinzani haukwenda kortini kwa sababu haukuwaamini majaji. Katiba mpya ikaweka siku 7 za kuwasilisha kesi na 14 za Mahakama ya Juu kuamua. Septemba 1, 2017, Jaji Mkuu David Maraga akatangaza, majaji 4 dhidi ya 2, kwamba uchaguzi wa urais wa Agosti 8 umefutwa. Siku hiyo barabara za Kisumu zilijaa watu tena, wakiimba.