Maji Yakitoka Kabisa, Umechelewa

Kila Novemba swali ni lile lile: kuwatazama ndege wa tope Mida Creek, hori lililo karibu na Watamu, niende maji yakiwa yamekupwa kabisa? Na jibu halijabadilika: hapana, usiende. Hoja ya wanaoshauri uende naijua. Ndege hula kwenye tope, maji yakitoka tope hufunguka, basi ndege watajaa. Watakuwepo, ndiyo, ila mbali kule, wametawanyika wakiufuata ukingo wa maji, na kati yako na wao yanacheza mazigazi. Utaona vidoti vinavyotetemeka.

Imani hii haifi kwa sababu ya saa. Pwani ya Kenya, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, maji hujaa alfajiri na tena mnamo saa kumi au kumi na moja jioni. Kupwa huangukia saa nne au saa tano asubuhi, wageni wakiwa ndio kwanza wamemaliza chai. Wanapelekwa, wanaona tope, wanapiga picha ya mikoko, wanarudi wakisema ndege mwaka huu wachache.

Uwe pale masaa matatu kabla ya maji kujaa, ukae. Maji yanayoingia huwafukuza ndege kutoka tope la mbali mpaka vipande vya mwisho vilivyobaki karibu na mikoko. Wewe huna haja ya kusogea. Maji yanayotoka nayo si mabaya, lakini hapo ndege wanakuacha badala ya kukujia. Tena jedwali la maji ni la Kilindini, bandari ya Mombasa, na ndani ya hori maji huchelewa, kwa hiyo usifungashe vitu kwa kuwa saa imepita na hakuna kitu.

Kimo cha maji ndicho watu hawakitazami kabisa. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hayafuniki tope lote. Ndege hawasukumwi, wanabaki huko huko waliko. Bamvua kubwa, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo, jedwali likisogelea mita 4, nayo huweza kufunika hata mahali pao pa kupumzikia, wakaruka wote kwenda kwingine. Mimi hupendelea siku za katikati, bamvua linapopanda au linaposhuka.

Na tafadhali, ndege hawa wahamiaji hawakimbii baridi ya Novemba ya Ulaya. Kitwitwi wazima wa Calidris ferruginea huondoka Siberia Julai na Agosti, kukiwa bado kiangazi. Ifikapo mwisho wa vuli ya kaskazini, hapa kwetu wamekwisha kutulia. Ndiyo maana Novemba inafaa kuhesabu.

Ndege aitwaye sululu utamjua kwa mistari ya kichwani. Xenus cinereus ana mdomo uliopinda juu na hukimbia kama amechelewa kazini. Hao si tabu. Tabu ni wale ndege wawili wa mchanga wanaofanana, Anarhynchus leschenaultii, yule mkubwa, na atrifrons, yule mdogo. Vitabu vinasema tazama miguu: mkubwa ana miguu ya kijani iliyofifia, mdogo ana miguu myeusi zaidi. Vizuri sana, ila ndege hao wanatembea kwenye tope siku nzima, na miguu ya wote wawili huwa na rangi ya Mida. Achana na miguu. Pima mdomo kwa jicho: wa leschenaultii hulingana na umbali kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, au huuzidi; wa mwenzake ni mfupi. Akiruka, vidole vya mkubwa huchomoza nyuma ya mkia. Hata hivyo, mmoja akisimama peke yake mbali, amekutazama usoni, hakuna anayemjua kwa hakika, hata wale wanaojaza orodha bila alama ya kuuliza. Andika jenasi tu, Anarhynchus, usonge mbele.

Mla kaa, Dromas ardeola, mweupe na mweusi, mdomo mnene mweusi, hana wa kufanana naye. Hutaga kwenye mashimo ya mchanga, kwenye visiwa vya Oman na Ghuba miongoni mwa kwingine, kisha huja na kinda wake. Novemba tafuta wa kijivujivu anayemfuata mzazi akiomba chakula. Bado analishwa, ingawa amesafiri bahari nzima.

Teleskopu usiivute kupita mara 30 mchana. Unakuza mazigazi tu. Jua liwe mgongoni. Kundi likikusanyika, hesabu kumi, shika ukubwa wa hao kumi machoni, kisha pima kundi zima kwa kipande hicho. Anza na walio pembeni mwa maji, maana ndio wanaohama kwanza. Wakinyanyua vichwa wote pamoja, umesogea mno: rudi nyuma. Kozi, ndege mwindaji, akipita, futa hesabu na uanze upya wakitua.