Git: Zana Iliyoandikwa Bila Kusubiri Mnunuzi

Katika kazi yangu ya kuandika programu, hakuna zana ninayoitumia mara nyingi kuliko Git, programu ya kutunza msimbo (maandishi ya programu) na historia ya mabadiliko yake, nayo ndiyo jibu langu kwa kila anayedai kwamba pasipo soko hapana uvumbuzi.

Tangu mwaka 2002, watengenezaji wa kiini cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, walitunza msimbo wao kwa BitKeeper, programu ya kampuni ya BitMover, ambayo waliruhusiwa kuitumia bila malipo, kwa sharti kwamba mtumiaji asishiriki kutengeneza programu ya kushindana nayo. Ilikuwa programu ya bure, si programu huria, yaani ile ambayo yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha msimbo wake. Hapo Kiswahili kina maneno mawili ilhali Kiingereza hubabaika na moja, “free”. Aprili 2005, baada ya Andrew Tridgell, mwandishi wa programu huria, kuandika programu ya kuwasiliana na seva za BitKeeper, ruhusa hiyo ikaondolewa.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kuandika Git tarehe 3 mwezi huo, na kufikia tarehe 7 Git ilikuwa ikitunza msimbo wake yenyewe. Hakukuwa na haja ya kuwahoji wateja, kwa kuwa mtengenezaji ndiye aliyekuwa mtumiaji, naye alijua barabara alichokikosa: mfumo wenye kasi, unaompa kila mshiriki nakala kamili ya historia ya mradi, na unaokitambulisha kila kilichohifadhiwa kwa alama inayokokotolewa kutokana na maudhui yake, hivi kwamba baiti moja ikiharibika hujulikana.

Sisemi kwamba alifanya kazi kwa njaa. Wakati huo aliajiriwa na Open Source Development Labs, taasisi iliyogharimiwa na makampuni ya kompyuta; ila mshahara huo haukutegemea kuuzwa kwa nakala hata moja ya Git.

Udhaifu wa njia hii, kwa maoni yangu, ni kwamba anayejitengenezea zana husahau wasiofanana naye. Amri za Git zilikuwa ngumu, na hata baada ya Junio Hamano kukabidhiwa usimamizi Julai 2005 na kuilainisha kwa uvumilivu mkubwa, bado huwatoa jasho wanafunzi. Pengo hilo ndilo lililoipa nafasi GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana katika miradi ya Git kwa urahisi zaidi, iliyoanza mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 7.5. Git yenyewe haikuwamo katika mauzo hayo: leseni yake, GPL toleo la 2, inamruhusu yeyote kuinakili, kuibadilisha na kuisambaza, mradi awaachie wanaoipokea haki zizo hizo.