Gego la Nguruwe na Umri wa Tabaka: Usilete Kisukuku Mfukoni

Malalamiko yanayotufikia sisi tunaochunguza visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini, yanafanana. Mwananchi ameleta jino au kipande cha taya mfukoni, ameuliza kina miaka mingapi, akajibiwa kwamba makadirio yake ni mapana mno. Anaondoka akiamini tunamficha jambo. Hatufichi. Jino lililong'olewa kwenye tabaka lake limeacha huko ardhini sehemu kubwa ya ushahidi.

Wengine hutuambia tupime kwa kaboni. Kaboni-14 hufika takriban miaka 50,000 tu. Kwa visukuku vya Turkana vyenye umri wa mamilioni ya miaka haina kazi, na ombi hilo lingefaa sasa lipumzike. Kinachopimwa maabara ni jivu la volkano lililo juu au chini ya visukuku, kwa njia ya potasiamu na argoni: sehemu ya potasiamu hugeuka argoni polepole, na kiasi kilichogeuka huonyesha umri. Pasipo na jivu, au jivu likiwa limechanganyika na chembe kongwe zaidi, tunawauliza wanyama.

Mamalia wanafaa kwa kuwa spishi zao hubadilika haraka, husambaa mbali, na meno yao hayaozi upesi. Afrika Mashariki, nguruwe ndio wanaotusaidia sana. Mtazame Metridiochoerus, wa ukoo wa ngiri: kadiri unavyopanda kutoka matabaka ya chini, gego lake la tatu linarefuka, taji linainuka, na vinguzo vya enameli, lile ganda gumu la jino, vinaongezeka upande wa nyuma. Farasi nao wana lao. Equus, mwenye kwato moja kila mguu, anaonekana Afrika miaka milioni 2.3 hivi iliyopita, kwa hiyo tabaka lenye jino lake si la miaka milioni 3. Lakini asipoonekana, usikimbilie kusema tabaka ni kongwe. Huenda hajapatikana tu.

Nguvu ya ushahidi huu ilionekana Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Mwaka 1970 jivu liitwalo KBS lilitangazwa kuwa na miaka milioni 2.61. Fuvu namba 1470, la binadamu wa kale, alilolipata Bernard Ngeneo mwaka 1972 chini ya jivu hilo, likahesabiwa kuwa kongwe zaidi ya hapo. Nguruwe wakakataa. Mtaalamu wa visukuku Basil Cooke alipolinganisha magego ya Koobi Fora na ya Omo, Ethiopia, ambako majivu yalikuwa yamepimwa vizuri, wale waliokuwa chini ya KBS walifanana na wa Omo wa miaka kama milioni 2. John Harris na Tim White walichapisha uchambuzi wao wa nguruwe mwaka 1977, na vipimo vipya vya jivu vikaishia karibu milioni 1.9. Mashine ndiyo iliyorudi kwa nguruwe.

Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu kila gego lilijulikana limetoka tabaka gani. Mto unaweza kung'oa jino kutoka tabaka kongwe na kuliacha kwenye mchanga wenye umri mdogo zaidi, na sisi hulitambua kwa mikwaruzo na kwa udongo ulioganda juu yake. Ukiliosha nyumbani, umefuta alama hizo.

Sasa utaratibu. Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka aliyegundua kisukuku atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, akitaja mahali penyewe na mazingira ya ugunduzi. Kuchimba au kutafuta visukuku kunahitaji leseni, hata kama shamba ni lako. "Ni ardhi yangu" si utetezi, nasi tumechoka kuusikia. Kukipeleka kisukuku nje ya nchi kunahitaji kibali. Anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili.

Kwa hiyo usichimbue. Piga picha ya karibu, ukiweka kalamu kando ili ukubwa uonekane, kisha nyingine ya mbali inayoonyesha ukingo mzima na matabaka yake. Nakili mahali kutoka kwenye simu. Kama jino tayari liko kabatini kwako, lilete bila kuliosha, pamoja na mtu aliyeliokota, ili atuonyeshe alikolitoa.