Mbwa mzee mwenye saratani: jua jina la uvimbe kabla ya kuamua

Kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa, inayozunguka kata zetu kila mwaka kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, imekuwa ikituletea kazi ambayo hatukuitangaza. Watu wanapanga foleni ya chanjo, wakifika mezani wanamgeuza mbwa ubavu: "Daktari, na hiki nacho?" Hiki nacho ni uvimbe. Kwenye chuchu, chini ya taya, juu ya goti, chini ya mkia. Wengi wa mbwa hao ni wazee, na wengi uvimbe wao umekaa tangu masika. Wakati huohuo, malalamiko ya mbwa wagonjwa kutelekezwa kwenye majalala na pembeni mwa barabara kuu ya Tunduma yanazidi kufika ofisini kwetu, ofisi ya mifugo. Ofisi inayaona mambo haya mawili kuwa na mzizi mmoja: mwenye mbwa hakujua aamue nini, akasubiri mno, kisha akaamua la haraka.

Makala haya yanahusu uamuzi huo. Hayachukui nafasi ya daktari kumshika na kumpima mbwa wako, na tunaomba mtu asije dirishani kudai dawa fulani kwa sababu ameisoma humu.

Tuanze na kauli tunayoisikia kuliko zote: "Ni mzee huyo, mwache tu." Uzee si ugonjwa. Mbwa mwenye umbo kubwa huhesabiwa mzee akifika miaka 7 au 8, mdogo huchelewa zaidi. Lakini daktari anayepima kama mbwa atahimili dawa ya usingizi hatazami miaka peke yake. Anasikiliza moyo na mapafu, anatazama ufizi, anapima damu, figo na ini. Mbwa wa miaka 11 mwenye figo nzima anaweza kupasuliwa kwa usalama kuliko wa miaka 5 aliyedhoofishwa na kupe. Kauli ya pili ni kinyume chake: "Fanyeni lolote, hela ipo." Hela ni jambo jema, ila haibadilishi aina ya saratani. Kauli zote mbili zina kasoro ileile: zinaamua kabla uvimbe haujajulikana ni wa nini.

Si kila uvimbe ni saratani. Uvimbe laini wa mafuta unaoteleza chini ya ngozi ni wa kawaida kwa mbwa wazee na mara nyingi huachwa, mradi hauzuii kutembea. Mbwa wanaotoka joto la Kyela huja na mabuu ya nzi wa embe yaliyojificha kwenye ngozi, na mwenyewe ameshaanza kuaga. Mitoki chini ya taya na nyuma ya magoti inaweza kuwa saratani ya tezi, lakini inaweza pia kuletwa na magonjwa ya kupe, ambayo yanatibika kwa vidonge. Kwa kutazama tu, hata sisi hatuwezi kuapa.

Kipimo cha kwanza ni sindano nyembamba. Inaingizwa kwenye uvimbe, zinatoka seli chache, zinatandazwa kwenye kioo, zinapakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Mara nyingi mbwa halazwi usingizi. Kuna imani kwamba "mkiuchoma mnauamsha". Imani hiyo imeua mbwa wengi kuliko sindano. Ipo mifano michache ya vivimbe ambavyo daktari ataepuka kuvichoma, kwa mfano baadhi ya vile vya kibofu cha mkojo, naye anavijua. Uvimbe uliopo kwenye ngozi ya mgongo hauamshwi na sindano, umeshaamka.

Sindano isipotoa jibu, kipande cha nyama hukatwa na kupelekwa maabara. Hapa tunaomba utulivu, kwa sababu sampuli nyingi huharibika njiani na mwenye mbwa hulipia mara mbili. Kipande hakigandishwi kwenye friji kama nyama ya supu. Barafu huvunja seli na mtaalamu haoni kitu. Kinawekwa kwenye formalini, dawa ya maji inayozuia nyama kuoza, ya asilimia 10, nayo iwe nyingi mara kumi ya ukubwa wa kipande. Uvimbe mkubwa hupasuliwa vipande visivyozidi unene wa sentimita moja, la sivyo katikati huoza dawa ikiwa bado haijapenya. Chombo kiwe na mdomo mpana. Tumeletewa nyama kwenye chupa ya soda: iliingia ikiwa laini, ikakakamaa ndani ya formalini, ikagoma kutoka, tukapasua chupa. Lebo inabandikwa kwenye chombo chenyewe na siyo kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana. Andika jina la mwenye mbwa, umri, jinsia, mahali uvimbe ulipotoka na tarehe. Ukituma kwa basi, chombo kifungwe ndani ya mfuko wa pili usiopitisha maji, na wahudumu waambiwe ni sumu. Kisiwekwe karibu na chakula cha abiria.

Barua ya rufaa inaandikwa na daktari aliyempima mbwa, si na mwenye mbwa, hata awe na mhuri wa ofisi yake. Kwa Nyanda za Juu Kusini, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Iringa, na daktari wako atakwambia kama kipimo chako kinafanyika hapo au kinasukumwa mbele. Kwa upasuaji mkubwa, picha na ushauri wa kibingwa, rufaa ya kawaida ni hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ni safari ya siku nzima kutoka Mbeya, na mbwa mgonjwa anaihisi kuliko wewe. Liwekeni hilo kwenye hesabu. Wanaouliza kuhusu Ocean Road, jibu ni kwamba taasisi hiyo inatibu saratani za binadamu.

Jina likishapatikana, swali la "Atapona?" halitoshi. Muulize daktari: tiba hii inalenga nini? Kuna tiba ya kuponya, tiba ya kuongeza muda, na tiba ya kuondoa maumivu tu. Zote tatu ni halali. Familia nyingi hugombana kwa sababu baba analipia ya kwanza wakati daktari anatoa ya tatu.

Iko saratani moja ambayo kukata tamaa nayo ni dhambi: ile inayoambukizwa kwa kupandana. Jike linadondosha damu wiki baada ya wiki, mwenyewe anasema liko kwenye joto. Dume linatoa damu kwenye uume, mwenyewe anasema ni mkojo mchafu. Ukifunua unakuta kinyama chekundu kama koliflawa. Seli zenyewe za saratani ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine, kwa kupandana, kunusana na kulambana, ndiyo maana tunaiona sana kwa mbwa wanaofunguliwa usiku. Binadamu haimpati. Dawa yake ni vinkristini, sindano ya mshipani mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki 4 hadi 8, na mbwa wengi sana hupona kabisa, wazee wakiwamo. Sindano hiyo haichomwi na mtu wa kubahatisha, kwani ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Kwa siku chache baada yake, mkojo, kinyesi na matapishi ya mbwa vishikwe kwa glavu, na wajawazito wakae mbali navyo. Mbwa akipoteza hamu ya kula au akipata homa katika wiki hiyo, usisubiri sindano ijayo, mlete.

Uvimbe wa matiti kwa jike ambalo halikutolewa kizazi ni suala la kisu. Takribani nusu ya vivimbe hivyo ni vya saratani, na kinachoamua sana ni ukubwa. Kilicho chini ya sentimita 3 kina matumaini mazuri kuliko kile kinachoburuzwa chini na kimeshapasuka. Kabla ya kukata, mapafu hupigwa eksirei, kwa kuwa hakuna maana ya kumtesa mbwa kwa kidonda kirefu kama ugonjwa umeshafika kifuani. Mnaosema "tuone kwanza kama utakua", mnaona. Unakua.

Saratani ya tezi ni ngumu kwa namna nyingine. Bila tiba, mbwa wengi hawazidi wiki 4 hadi 6. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, peke yake huongeza mwezi mmoja au miwili ya kula na kuchangamka. Mchanganyiko wa dawa kadhaa unaweza kumfikisha wastani wa mwaka, lakini ni miezi ya sindano na vipimo vya damu, na ugonjwa kwa kawaida hurudi. Mwenye mbwa anayechagua prednisoloni na kukaa na mbwa wake nyumbani hajamwonea. Anayeinunua kiholela kabla ya kipimo amejifungia mlango: huficha ugonjwa kwenye hadubini na kuzoesha saratani dawa.

Saratani ya mfupa huwapata hasa mbwa wakubwa, mguuni. Mbwa anachechemea, anaambiwa aligongwa na bodaboda, anakandwa maji ya moto mwezi mzima. Maumivu yake ni makali kuliko tunavyoweza kueleza hapa. Kuukata mguu huondoa maumivu, na mbwa wa miguu mitatu hukimbia vizuri kuliko watu wanavyodhani, lakini bila dawa nyingine wengi huishi miezi 4 hadi 5 tu. Usipoweza kukata, na dawa za maumivu zisipotosha, uamuzi unaobaki ni kumpumzisha, yaani kumwua bila maumivu kwa sindano ya daktari, na haufai kuahirishwa mpaka watoto wafunge shule.

Kuhusu dawa za maumivu tunasema tena, pengine kwa mara ya mia: diklofenaki na ibuprofeni za binadamu zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Parasetamoli haitolewi bila daktari kukokotoa dozi kwa uzito. Meloksikamu ya mifugo haichanganywi na prednisoloni. Kufunga uvimbe kwa mpira wa baiskeli, kuuchoma kwa chuma au kuumwagia maji ya betri si tiba, ni mateso, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inayatazama mateso yasiyo ya lazima kuwa kosa. Anayekamatwa hafikishwi kwetu kupewa ushauri, anafikishwa mahakamani. Hali kadhalika, chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003, upasuaji ni kazi ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Afisa mifugo wa kata ni mwenzetu na tunamheshimu, anaweza kukuelekeza na kufuatilia mgonjwa, ila hapaswi kupasua. Muuza duka la dawa za mifugo ni muuzaji. Una haki ya kumwomba daktari namba yake ya usajili, na asikunjie uso.

Kwa mbwa anayebaki nyumbani, tunashauri kalenda ya ukutani. Kila jioni mtu mmoja, yuleyule, aweke alama: leo alikula mwenyewe, alisimama bila kubebwa, hakujichafua alipolala, alikuja alipoitwa. Siku mbaya zikiizidi idadi ya nzuri ndani ya wiki mbili, piga simu. Bila kalenda kila mtu nyumbani hukumbuka lake. Baridi yetu ya Juni na Julai humwumiza mzee mwenye saratani maradufu, basi gunia kavu na ukuta unaokinga upepo ni sehemu ya matibabu. Unga wa mahindi yenye ukungu usimpe. Sumu yake huua ini, na hili tunawaambia hata wenye mbwa wazima.

Chanjo ya kichaa kwa mbwa aliye kwenye tiba ya saratani daktari anaweza kuisogeza mbele. Mlete na kadi, asipitishwe foleni kimyakimya.

Ukiamua kumpumzisha, utatia saini fomu ya ridhaa, na anayesaini awe mwenye mbwa mtu mzima, si mlinzi wala msichana wa kazi. Utaulizwa kama mbwa amemng'ata mtu ndani ya siku 10 zilizopita. Jibu ukweli. Kama amemng'ata, aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mbwa akiweza kuvumilia, atafungiwa siku 10 akitazamwa. Akiwa na mateso yasiyosubirika, atapumzishwa na kichwa kitapelekwa maabara kupimwa kichaa, kwa sababu mbwa aliyebadilika tabia na kuyumba anaweza kuwa na uvimbe wa ubongo, anaweza pia kuwa na kichaa. Hatufanyi hivyo kwa kukuadhibu.

Mzoga wa mbwa aliyepigwa sindano ya kumpumzisha una dawa ndani yake. Hauliwi na mbwa wengine, hautupwi korongoni wala jalalani. Uzike kwenye shimo la kina cha mita moja na nusu, mbali na kisima na mto, na uweke mawe juu kabla ya udongo wa mwisho, fisi na mbwa wa mtaani wasifukue. Ukishamaliza, rudisha kadi yake ya chanjo ofisini ili jina lifutwe kwenye daftari la kata. Usipoirudisha, mwakani wachanjaji watakuja tena kugonga geti kumtafuta.