Watu wa Karibu, Watu wa Mbali: Mwanamke Mfanyabiashara na Mtandao Wake

Katika mafunzo ya ujasiriamali tunayoendesha, kuna swali linalorudi kila mara, pengine kuliko hata lile la mtaji: "Watu nitawapata wapi?" Mwanamke ana bidhaa nzuri, vitabu vyake vya hesabu viko sawa, leseni anayo, lakini kila mnunuzi mkubwa anayemwendea anakuta tayari ana mtu wake. Baada ya kukataliwa mara kadhaa anaanza kuamini kwamba waliofanikiwa wamejaliwa ucheshi fulani ambao yeye amenyimwa.

Kwa ninavyoona, ucheshi si tatizo. Wanawake wengi wanaofika kwetu wana watu, tena wanaowapenda na kuwaamini: ndugu, majirani, waliosoma nao, wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wanachokosa ni mambo mawili. Hawajawaambia watu hao biashara yao inahitaji nini hasa, na hawajapata njia ya kuvuka kutoka kwa hao hadi kwa wasiowafahamu.

Nianze na wasiofahamika, kwa sababu hapo ndipo habari mpya zinapotoka. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1973, mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliwauliza watu waliopata kazi kwa kuelekezwa na mtu: huyo aliyekuelekeza mlikuwa mkionana mara ngapi? Waliosema mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walisema walionana mara mojamoja, na asilimia 27.8 walisema kwa nadra sana. Sababu yake inaeleweka ukiitazama vizuri. Rafiki yako wa ndani anazungumza na walewale unaozungumza nao wewe, kwa hiyo anajua unachokijua. Yule mnayekutana mara chache anaishi katikati ya watu wengine, na anasikia ambayo hayajakufikia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliolipima upya jambo hilo kwa kiwango kikubwa mno, kwa kufuatilia kwa miaka mitano watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi na biashara. Matokeo yaliongeza sharti moja muhimu: waliosaidia zaidi walikuwa watu wenye ukaribu wa wastani, yaani wasio wa ndani lakini wasio wageni kabisa. Kwa hiyo kujaza simu namba za watu wasioikumbuka hata sura yako hakukufikishi popote. Utafiti huo ulihusu ajira, lakini katika kazi yangu naona habari za zabuni, za wasambazaji wa malighafi na za wanunuzi wapya zikipita katika njia hiyohiyo.

Sasa, kama mambo yangeishia hapo, ushauri ungekuwa mwepesi: toka nje, kutana na watu. Kwa mwanamke haitoshi. Mwaka 1992 mtafiti Herminia Ibarra alichapisha utafiti wake katika kampuni moja ya matangazo na kuonyesha kwamba wanaume walipata urafiki na msaada wa kikazi kutoka kwa watu walewale, yaani wanaume wenzao. Wanawake waligawanyika: faraja na urafiki waliupata kwa wanawake, na njia za kikazi waliziendea kwa wanaume. Huo ni mzigo mara mbili. Unatunza makundi mawili ya watu kwa muda uleule ambao mwenzako anatunza moja.

Na muda wenyewe haupo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba wanawake wanabeba asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za kulea na kuhudumia nyumba zisizolipwa. Ndiyo maana nakerwa ninaposikia kwamba wanawake "hawajitokezi". Mkutano unaoanza saa moja jioni umeshachagua nani atafika.

Mwaka 2019 watafiti Yang, Chawla na Uzzi walichapisha uchambuzi wa mitandao ya wanafunzi zaidi ya 700 waliohitimu shahada ya uzamili ya biashara na kuingia katika nafasi za uongozi. Kwa wanaume, kufahamiana na watu wengi ambao nao wanajuana na wengi kulitosha kutabiri mafanikio. Kwa wanawake kulihitajika kitu cha pili: wanawake wawili watatu wa karibu, wa kuzungumza nao mara kwa mara. Waliokuwa na vyote viwili walipata nafasi za juu kwa takriban mara 2.5 kuliko wanawake waliokuwa na mtandao hafifu na watu wa karibu ambao wengi wao ni wanaume. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba wale wanawake wa karibu walisaidia sana pale kila mmoja alipokuwa na watu wake tofauti. Wanaokaa ofisi moja, wakifahamiana na walewale, wanapeana moyo lakini hawaongezeani habari.

Kwa hiyo jiulize: wanawake wangu watatu ni akina nani, na kila mmoja anakaa katikati ya watu gani? Wanawake hao ndio wanaokwambia yale ambayo hakuna anayeyaandika popote. Kwamba mnunuzi fulani hulipa baada ya siku 90, ingawa mkataba unasema 30. Kwamba benki fulani itakuomba dhamana ya mume hata kama sheria haiitaki. Kwamba mtu fulani mwenye cheo usikutane naye peke yako. Habari za namna hii hazipatikani kwenye maonesho ya biashara.

Historia inao mfano mkubwa wa nguvu hiyo. Mwaka 1975, Umoja wa Mataifa ulipofanya mkutano wake wa kwanza wa dunia kuhusu wanawake huko Mexico City, walikuwepo Esther Ocloo wa Ghana, mwenye kiwanda, Ela Bhatt wa India, aliyekuwa ameanzisha chama cha wanawake waliojiajiri cha SEWA mwaka 1972, na Michaela Walsh wa Marekani aliyetoka kwenye masuala ya fedha. Nchi tatu, fani tatu, na kero moja: benki haziwakopeshi wanawake. Mazungumzo yaliyoanza pale yalizaa taasisi ya Women's World Banking mwaka 1979, ambayo inafanya kazi hadi leo. Ocloo mwenyewe biashara yake ya kwanza ilipata mkataba wa kuuza bidhaa katika shule aliyosoma. Alirudi kwa waliokuwa wanamfahamu kabla hajawa mfanyabiashara, kisha akasonga kwa wateja wakubwa zaidi.

Nije kwenye utendaji, na hapa nitakaa kidogo, maana nafasi nyingi zinapotea siku moja baada ya kukutana. Ujumbe ninaouona mara nyingi ni huu: "Habari dada, nimefurahi sana kukufahamu jana. Naomba tuwasiliane, tushirikiane katika mambo mbalimbali." Una adabu, lakini aliyeupokea hana la kufanya. Atajibu "karibu sana" na hapo ndipo utakapoishia.

Linganisha na huu: "Habari za leo dada. Ni mimi mshonaji wa sare tuliyekaa meza moja jana kwenye kikao cha wasambazaji. Ulisema kampuni yenu huchagua wasambazaji mwanzoni mwa mwaka wa fedha. Nashona sare za kazi, na kwa sasa naweza kutoa vipande 300 kwa mwezi. Naomba unielekeze anayeshughulikia manunuzi. Je, utakubali nimwandikie nikitaja kwamba tumezungumza?"

Ujumbe wa pili unamkumbusha alikutana nawe wapi. Unaonyesha ulimsikiliza. Unataja kazi yako na uwezo wako bila kuongeza chumvi, na ile 300 ina maana kubwa, kwa sababu anayekutaja kwa bosi wake anaweka jina lake rehani. Halafu unaomba kitu kimoja anachoweza kukijibu akiwa amesimama. Tena unamwomba ruhusa ya kutumia jina lake, jambo ambalo wengi huliruka na ndilo linalowafanya watu waache kuwasaidia.

Umahususi huohuo utumie pia kwa ndugu na marafiki. Ukisema "mimi ni mjasiriamali", shangazi yako atakuombea dua tu. Ukisema "natafuta hoteli au hospitali inayohitaji mashuka kwa jumla", atakumbuka kwamba binti wa jirani yake ni mhasibu hospitalini.

Kuhusu vyama na majukwaa ya wafanyabiashara, ushauri wangu ni kuchagua kimoja au viwili na kufanya kazi ndani yake, badala ya kuhudhuria kila kitu. Anayekaa meza ya usajili anaona kila anayeingia na kujua ametoka kampuni gani. Anayesimamia uanachama ana sababu halali ya kumpigia simu mtu yeyote. Lakini uwe macho: wanawake hukabidhiwa kuandika kumbukumbu na kuandaa chai mkutano baada ya mkutano, kazi zinazowaweka kimya wakati wengine wanazungumza. Pokea zamu yako, kisha omba uweka hazina, uenyekiti wa kamati ndogo, au nafasi ya kutoa mada. Na kama vikao vya chama viko usiku tu, pendekeza vingine viwe mchana. Ukiuliza utakuta si wewe peke yako uliyekuwa unakosa.

Toa kabla hujaomba, na hata usipokuwa na cha kuomba. Tangazo la zabuni lisilokuhusu mtumie yule ambaye linamhusu. Ukitaka kuwaunganisha watu wawili, muulize kila mmoja kwanza kwa faragha, ndipo uwape namba. Usimpe mtu namba ya mwenzako bila idhini hata akikusihi, na kama humwamini anayeomba kuunganishwa, mwambie tu kwamba hujamfahamu kikazi vya kutosha kuweza kumdhamini.

Yapo mambo ya usalama ambayo sitayapitia juujuu. Wapo wanaotumia neno "fursa" kumvuta mwanamke mahali ambapo hakuna biashara. Panga kikao saa za kazi, mahali penye watu, na andika ajenda kabla kwa ujumbe ili lengo liwe wazi kwa pande zote mbili. Mtu akikwepa hayo yote matatu, acha. Mkataba wa namna hiyo hauna faida, na kuukataa hakukufanyi uwe mwoga wala mjinga. Vivyo hivyo kikundi kinachodai ada ya kujiunga na kukulipa kwa kuleta wanachama wengine, bila bidhaa wala huduma, ni upatu wa kitapeli hata kama kimepambwa kwa maneno ya kuwainua wanawake.

Weka daftari, au faili kwenye simu: jina, mlikutana wapi, anahitaji nini, umemwahidi nini na lini. Ile safu ya ahadi ipitie kila wiki.

Na wale mliopotezana miaka mingi, usiwahesabu kuwa wamekwisha. Mwaka 2011 Levin, Walter na Murnighan walionyesha kwamba viongozi wa makampuni walioambiwa wawatafute watu waliopotezana nao, ili kuwaomba ushauri wa kikazi, walipata mawazo mapya zaidi kuliko waliyopewa na watu wao wa kila siku. Imani ya zamani ilikuwa bado ipo, wakati kila mmoja alikuwa ameshapita katika dunia nyingine. Wengi huona aibu kuandika baada ya ukimya mrefu. Hakuna haja ya kuomba radhi kwa aya nzima: taja mlikofahamiana, sema unafanya nini sasa, uliza yeye yuko wapi, kisha uliza swali lako moja.